Je, Treni Itasimama Mgololo?

Ukitoka Mafinga kuelekea Makambako, pale Nyololo unakata kushoto. Unapita Igowole, unapita Kibao penye chai, unapita Mtwango, halafu misonobari inaanza kukufunika kila upande. Kama kiwanda kinafanya kazi siku hiyo, pua itafika Mgololo, huku kwetu Mufindi, kabla ya macho. Ni harufu nzito, kama ya kabichi iliyosahaulika jikoni, na wenyeji wameizoea kiasi kwamba mgeni akiiulizia wanamshangaa. Ni magogo yanapikwa kwa kemikali yawe karatasi. Ukisubiri vya kutosha, na miaka hii kusubiri kumekuwa kazi kamili, utasikia pia honi ya treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ikipandisha kutoka bonde la Kilombero.

Kiwanda kile kilijengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia, Sweden, Ujerumani Magharibi na wakopeshaji wengine. Reli ilijengwa na China. Ni miongoni mwa mahali pachache Tanzania ambapo mtu anaweza kusimama akatazama, bila kuhama, mradi mkubwa wa Mashariki na mradi mkubwa wa Magharibi wa karne iliyopita, akijua jinsi kila mmoja ulivyoishia. Ndiyo maana kila ninaposoma malumbano kuhusu China na Afrika, mawazo yangu huhamia huko.

Malumbano yenyewe unayajua. Kuna wanaosema Mchina ni rafiki wa dhati, aliyetujengea reli wakati wengine wametufungia mlango. Kuna wanaosema ni bwana mpya, anayekuja na mikopo mkono mmoja na kijiko cha kuchotea madini mkono wa pili. Pande zote mbili zinajadili tabia ya Mchina, kana kwamba tunachumbiwa. Mimi naona jambo ni la kawaida zaidi. Masharti tuliyopewa yametegemea siku zote shida aliyokuwa nayo mwenzetu wakati huo, na idadi ya watu wengine waliokuwa wakibisha hodi mlangoni petu. Lakini faida iliyobaki baada ya utepe kukatwa ilitegemea mambo ya nyumbani kabisa, kama vile nani ana spana, nani ana mzigo wa kupakia, na treni inasimama wapi.

Tuanze na shida ya mwenzetu. Novemba 11, 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru huko Rhodesia. Zambia, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ikajikuta shaba yake yote inapitia kwa maadui. Nyerere na Kaunda walikuwa wameshaomba fedha za reli nchi za Magharibi. Benki ya Dunia ilikuwa imekataa, ikisema mradi haulipi na ni afadhali barabara. Uchunguzi mwingine wa Waingereza na Wakanada mwaka 1966 ulisema reli inawezekana, lakini hakuna aliyefungua pochi. Mkataba na China ukatiwa saini Beijing Septemba 5, 1967. Mkopo ulikuwa yuan milioni 988, zaidi ya dola milioni 400 kwa thamani ya wakati ule, bila riba, wa kulipwa kwa miaka 30.

Sasa itazame China ya mwaka ule. Ilikuwa katikati ya Mapinduzi ya Utamaduni, wananchi wake wakinunua mchele na nguo kwa kuponi. Haikuwa na kiti Umoja wa Mataifa, kwani kiti cha China kilikaliwa na Taiwan. Ilikuwa imegombana na Wamarekani na ikagombana pia na Warusi. Taifa maskini kiasi hicho, lisilo na marafiki, likakubali kujenga reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Kwa hesabu ya duka, ni wazimu. Kwa hesabu ya siasa, ilikuwa nafuu. Oktoba 25, 1971, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopiga kura ya kuirejeshea Beijing kiti chake, kura 76 ziliunga mkono na 35 zikapinga, na takribani theluthi moja ya hizo 76 zilikuwa za Afrika. Balozi wetu, Salim Ahmed Salim, kijana wa chini ya miaka 30, alikuwa mstari wa mbele. Wamarekani hawakusahau. Miaka kumi baadaye Salim alipogombea ukatibu mkuu, walimzuia kwa kura ya turufu, na China nayo ikamzuia Kurt Waldheim, aliyekuwa akitetea nafasi hiyo, kwa turufu yake, raundi 16 mfululizo, mpaka wote wawili wakakaa pembeni na kazi ikaenda kwa raia wa Peru, Javier Pérez de Cuéllar.

Kwa hiyo anayesema reli ile ilikuwa sadaka, na anayesema ulikuwa mtego, wote wanaikosea heshima. Ilikuwa biashara ya watu wawili wenye shida, na kila mmoja alipata alichokitafuta. Ndiyo maana masharti yalikuwa laini. Mwaka 2011 China ikafuta hata nusu ya deni lililobaki.

Kuna sehemu ya mkataba ule ambayo vijana wengi hawaifahamu, nami naipenda kuliko zote kwa sababu ilifika hadi kwenye kabati la bibi yangu na la bibi yako. Reli inahitaji fedha za kigeni kwa vyuma na injini, lakini inahitaji pia shilingi za kulipa vibarua, kununua unga na maharage, kukata kokoto. China haikuwa na shilingi. Ikaleta bidhaa kwa mkopo, na serikali ikaziuza madukani, kwanza kupitia Shirika la Biashara la Taifa, STC, na baadaye kupitia kampuni za biashara za mikoa, zile RTC. Shilingi zilizopatikana zikalipa gharama za ndani za ujenzi. Basi mama wa Mufindi aliyenunua chupa ya chai yenye maua mekundu, bakuli la enameli lenye ukingo wa bluu au, kama mumewe aliuza pareto vizuri mwaka huo, baiskeli ya Phoenix, alikuwa anamlipa kibarua aliyekuwa akichimba tuta huko Mpanga. Mkopo ulikuja kwa sura ya vyombo vya jikoni. Tulilazimika kununua bidhaa za China kwa wingi, tupende tusipende, na maduka yakajaa vitu vya aina moja. Lakini chupa zile zilidumu. Ni kichekesho cha historia kwamba leo kijana wa Makambako akitaka kukuonya kuhusu simu mbovu anakwambia hiyo ni ya Kichina, wakati nyumbani kwao kuna bakuli la enameli la mwaka 1972 linaendelea kupakua ugali.

Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970. Makumi ya maelfu ya Wachina walipita katika kazi ile kwa miaka yote, pamoja na Watanzania na Wazambia wengi kuwazidi. Zaidi ya Wachina 60 walikufa wakiwa kazini nchini, na makaburi yao yapo Gongo la Mboto, Dar es Salaam, ambako Xi Jinping aliweka shada la maua Machi 2013. Sehemu iliyowatesa zaidi ni hii yetu, kutoka Mlimba hadi Makambako. Ni kilomita 157 tu, lakini reli inapanda zaidi ya mita 1,000, ikipenya mahandaki na kuruka makorongo ya Udzungwa, huku daraja la Mpanga likisimama juu ya nguzo za karibu mita 50. Mgololo ipo katika mpando huo.

Na mpando huo ndio uliotoa somo la kwanza. Vichwa vya treni vilivyokuja na reli vilitengenezwa Qingdao, vya dizeli ya mfumo wa haidroliki. Kwenye tambarare za Kilombero vilikwenda. Kwenye mpando wa Mlimba vilihema, vikapata moto, vikalala njiani. Mapema miaka ya 1980 TAZARA ikaleta vichwa vya dizeli-umeme vilivyotengenezwa Ujerumani Magharibi kwa teknolojia ya General Electric ya Marekani. Hebu fikiria: reli ya kikomunisti, iliyojengwa kuwakwepa makaburu, inapandishwa mlima na injini ya Kijerumani yenye moyo wa Kimarekani. Hakuna aliyeona haya, na hakuna aliyepaswa kuona haya. Wahandisi wetu walijifunza kwamba chombo hupimwa kwenye mlima wako mwenyewe, na ukiona kimeshindwa unatafuta kingine kwa yeyote anayekitengeneza.

TAZARA haikuja peke yake Nyanda za Juu Kusini. Kule Mbarali, Mkoa wa Mbeya, Wachina walijenga shamba la mpunga la umwagiliaji lililokabidhiwa mwaka 1977, likawa chini ya shirika la umma la kilimo, NAFCO, na baadaye likabinafsishwa. Kule Kiwira walichimba mgodi wa makaa ya mawe uliofunguliwa mwaka 1988 na kukabidhiwa shirika la madini la taifa, STAMICO. Mpango ulikuwa na mantiki yake, na ukiwa Mgololo unaiona vizuri kuliko ukiwa ofisini Dodoma. Makaa ya Kiwira yaende kwenye viwanda, na kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilikuwa miongoni mwa wateja. Msitu wa serikali wa Sao Hill utoe magogo. Reli ipeleke karatasi pwani. Mchina alete makaa na reli, Mzungu alete mitambo ya karatasi, Mtanzania atoe msitu, maji na mikono.

Kiwanda hicho, kikiitwa wakati huo Southern Paper Mills, kilianza uzalishaji mwaka 1985 kikiwa na uwezo wa tani 60,000 kwa mwaka. Kilizaliwa wakati mbaya. Nchi haikuwa na fedha za kigeni za kununua kemikali na vipuri, shilingi ilikuwa inaporomoka, na soko la ndani lilikuwa dogo kuliko mashine. Mikopo yake ilikuwa ya fedha za kigeni, kwa hiyo kila shilingi iliposhuka deni lilipanda bila mtu kukopa senti. Miaka ya 1990 kikasimama. Mji mzima uliojengwa kwa ajili yake, nyumba za wafanyakazi, shule, zahanati, ukabaki kama mke wa baharia. Baadaye kikauzwa kwa Rai Group ya Kenya, kikaitwa Mufindi Paper Mills, na leo kinatoa zaidi karatasi ngumu za khaki za mifuko na maboksi. Daftari la mtoto wa shule ya Makungu huenda likatengenezwa kwa karatasi iliyovuka bahari, huku akilisomea kwenye harufu ya kiwanda cha karatasi.

Nimelisema hili kwa urefu kwa sababu linavunja hoja moja inayopendwa sana, kwamba miradi ya China hufa kwa sababu ni ya China. Mgololo, mradi wa Magharibi wenye washauri, ripoti na tathmini zote, ulikufa kabla ya reli ya Wachina iliyo jirani yake. Na mmoja ulipokufa ulimdhoofisha mwenzake, kwa sababu treni ilipoteza mzigo na mgodi wa makaa ukapoteza mteja.

Reli yenyewe ilisanifiwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka. Kilele chake kilikuwa tani zipatazo milioni 1.2, mwishoni mwa miaka ya 1970, mara tu baada ya kukabidhiwa Julai 1976. Kufikia mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba tani zipatazo 88,000. Tazama ukubwa wa anguko hilo: ni chini ya tani tano kwa kila mia ilizojengewa. Sababu ni nyingi na nyingi hazikutoka Beijing. Mwaka 1978 Kaunda, akibanwa na msongamano wa bandari na uhaba wa mbolea, alifungua tena njia ya kusini. Mwaka 1980 Zimbabwe ikawa huru, mwaka 1994 Afrika Kusini ikafuata, na sababu ya kisiasa ya kupitia Dar ikaisha. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia, iliyogharimiwa kwa sehemu kubwa na Wamarekani na Benki ya Dunia wakati ule ule wa ujenzi wa reli, ikajaa malori. Nenda mizani ya Makambako usiku wowote utaona foleni ya shaba iliyopaswa kupita relini.

Na kuna uendeshaji. TAZARA ni mali ya serikali mbili, nusu kwa nusu. Mkuu wa shirika ni Mzambia kwa mujibu wa sheria, msaidizi wake Mtanzania. Ukitaka kununua betri ya injini, kwa kutia chumvi kidogo, unahitaji mawaziri wa nchi mbili wakutane. Wafanyakazi walikaa miezi bila mishahara, wakagoma, wakarudi, wakagoma tena. Geji yake ni milimita 1,067, ile ya kusini mwa Afrika, wakati reli yetu ya zamani ya kati ni milimita 1,000. Behewa la Mgololo haliwezi kwenda Dodoma bila mzigo kuhamishwa Kidatu.

Lakini takwimu za shaba zinaficha maisha mengine ya reli hii. Watu wa bondeni na watu wa milimani waliigeuza kuwa soko. Kulikuwa na treni fupi waliyoiita kipisi, na ile ya kawaida inayosimama kila stesheni. Mchele wa Mlimba na Mngeta ulipanda kwenda Makambako, viazi, maharage na kabichi za Mufindi na Njombe zikashuka. Mwanamke mwenye magunia matatu hakuwa na habari na bei ya shaba London. Alichohitaji ni treni isimame dakika za kutosha kupakia. Katika mipango yote ya Beijing, Dar na Lusaka, mteja huyu hakuwahi kuandikwa, na bado ndiye aliyekaa na reli katika miaka ambayo shaba iliikimbia. Kwa vijiji vingi kati ya Mgololo na Mlimba, reli ni barabara pekee ya kuaminika masika yanapokolea.

Sasa Mchina amerudi, na tukimtazama kwa macho ya 1970 tutapotea. Septemba 2024, Rais Samia Suluhu Hassan na Rais Hakainde Hichilema walishuhudia pamoja na Xi Jinping, huko Beijing, utiaji saini wa makubaliano ya kuifufua TAZARA. Septemba 2025 ukatiwa saini mkataba wa miaka 30 wenye thamani ya dola bilioni 1.4 na kampuni ya CCECC, itakayokarabati reli, kuleta vichwa na mabehewa, kisha kuiendesha na kurudisha fedha zake kutokana na mzigo. Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1979 kutokana na ofisi ya misaada ya nje ya Wizara ya Reli ya China, ofisi ile ile iliyoijenga TAZARA. Aliyekuja kama ndugu wa mapambano amerudi na kitabu cha mahesabu. Simlaumu. China ya leo ina kiti chake Umoja wa Mataifa na ina turufu. Inachohitaji sasa ni shaba na kobalti za Zambia na Kongo, kwa viwanda vya betri na nyaya.

Na safari hii kuna mwingine anayebisha hodi, upande wa pili wa bara. Marekani na Ulaya wamejitosa kwenye reli ya Lobito, Angola, inayotoa madini ya Kongo kupitia Atlantiki, na shirika la serikali ya Marekani la kufadhili maendeleo liliidhinisha mkopo wa dola milioni 553. Reli hiyo ilijengwa awali na kampuni ya Kiingereza iliyoitwa Tanganyika Concessions, jina letu kabisa, kisha baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ikafufuliwa na Wachina kabla Wamarekani hawajaipenda. Bila Lobito, sidhani kama dola bilioni 1.4 zingepatikana haraka hivi kwa TAZARA. Zaidi ya miaka 50 iliyopita China ilikuja kwa sababu Magharibi ilikataa. Leo inakuja kwa sababu Magharibi imekubali kwingine.

Tanzania, kwa sifa yake, imekuwa ikijifunza kucheza na wengi. Reli ya kisasa kutoka Dar hadi Makutupora ilipewa Yapi Merkezi ya Uturuki, bwawa la Julius Nyerere likapewa kampuni za Misri, na Wachina wakapata vipande vya Mwanza na Kigoma. Lakini kumbukumbu si zote nzuri. Ukishuka kutoka Njombe kwenda Ludewa, kuna chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, liliingia ubia na kampuni ya Sichuan Hongda ya China, asilimia 20 kwa 80, mradi wa takribani dola bilioni 3. Wananchi wakaambiwa wasiendeleze maeneo yao. Pande mbili zikavutana kuhusu misamaha na motisha, miaka ikapita, na fidia ikaanza kulipwa mwaka 2023. Mtu aliyezuiwa kupanda mti wa kudumu kwa zaidi ya miaka kumi ana maoni yake kuhusu ushirikiano wa kimkakati, na hayaandikiki hapa. Bandari ya Bagamoyo nayo ilisainiwa Xi alipokuja mwaka 2013, lakini Rais Magufuli akayakataa hadharani masharti yake mwaka 2019.

Kuna pia China isiyo ya serikali, na hiyo ndiyo mtu wa Mufindi anayokutana nayo kila siku. Pita pembezoni mwa Mafinga utaona karatasi nyembamba za mbao zimesimamishwa juani safu kwa safu, kama nguo zilizoanikwa. Ni vinia, zinazomenywa kutoka kwenye mikaratusi midogo ambayo mwenye mashine ya kupasua mbao asingeitazama mara mbili. Wachina wenye viwanda vidogo walileta mashine hizo, na ghafla mti mwembamba ukawa na bei. Kwa mkulima mwenye ekari mbili na ada ya mtoto ya Januari, hiyo ni neema ya kweli. Lakini mti unaokatwa mchanga hauwi nguzo wala ubao, na mkulima aliyeuza mapema hujikuta miaka mitano baadaye akitazama visiki wakati jirani anauza nguzo. Hapa hakuna mkataba wa marais. Kuna mnunuzi mwenye fedha taslimu na muuzaji mwenye haraka, na mwenye haraka huuza kwa bei ya mwenzake. Vyama vya wakulima wa miti vipo, navyo ndivyo vinavyoweza kupunguza haraka hiyo, vikipewa nguvu.

Parachichi ni hadithi yenye matumaini zaidi. Novemba 2022, Rais Samia alipozuru Beijing, China ilikubali kupokea parachichi za Tanzania, na zao hilo ni la Njombe, Mufindi na Rungwe. Soko la watu zaidi ya bilioni moja limefunguliwa kwa karatasi. Kwa vitendo, tunda linahitaji ubaridi tangu shambani hadi melini, na safari ya bahari ni ndefu. Mabehewa yenye ubaridi kutoka Makambako hadi Dar yangeongeza thamani ya saini ile kuliko hotuba yoyote. Mpaka sasa tunachowauzia Wachina kwa wingi ni madini na ufuta, nao wanatuletea karibu kila kitu kilicho dukani.

Hivyo narudi kwenye mkataba wa miaka 30, ambao kwa maoni yangu ni mzuri kuliko kuiacha reli ife. Hofu yangu haimhusu Mchina. Kampuni inayotaka kurudisha dola bilioni 1.4 itaipenda shaba, kwa sababu treni ya shaba hupakiwa mara moja, hushushwa mara moja, na haisimami njiani kusubiri magunia ya viazi. Kila dakika ya kusimama Mgololo ni hasara katika kitabu cha mwendeshaji, isipokuwa mkataba uwe umemlazimisha au mzigo wa hapo uwe umemvutia. La kwanza ni kazi ya serikali. La pili ni letu Mufindi: karatasi, mbao, nguzo, chai na parachichi zipo, lakini kila mwenye kiwanda anazungumza na mwenye lori peke yake, na hakuna anayekwenda kwa TAZARA na hesabu moja ya tani za wilaya nzima kwa mwaka.

Wakenya wana somo hapa. Mkataba wao wa reli ya kisasa ulisainiwa mwaka 2014, treni ya Mombasa hadi Nairobi ikaanza mwaka 2017, na wananchi wakaonyeshwa sehemu ya nyaraka za mkopo Novemba 2022, wakati marejesho yameshaanza kuuma. Kujua masharti baada ya treni kuondoka hakumsaidii abiria.

Wananchi wa Makungu, Uchindile na Mlimba, mna wabunge na mna madiwani. Waulizeni sasa, kwa maandishi, stesheni ngapi kati ya Mlimba na Makambako zitabaki na treni ya abiria, mara ngapi kwa wiki, na kusafirisha tani moja ya mbao kutoka Mgololo hadi Dar kutagharimu shilingi ngapi. Waulizeni kabla mafundi hawajaanza kazi kwenye mpando.